Santuri ya Gauni la Manjano

New York, 12 Oktoba 1925

Dada Mozelle,

Kama umeshika pasi, iweke chini kwanza. Nimepata kazi ya jukwaani. Si hema la maonyesho kwenye matope kama lile lililonitia hamu ya kuondoka nyumbani. Ni ukumbi wa kweli hapa Harlem, viti vya mahameli na bendi ya watu kumi na mmoja. Onyesho linaitwa Gauni la Manjano. Nimo katika safu ya wasichana kumi na wanne, wa tatu kutoka kushoto. Tunacheza, tunaimba, na kabla ya mapumziko natoka mbele peke yangu kuimba mistari minne. Minne tu, lakini hakuna mwingine anayeiimba.

Nafasi hii ilikuwa ya msichana mmoja wa Baltimore. Amevunjika kifundo cha mguu. Kila siku namwomba Mungu amponye, ila asifanye haraka.

Miaka mitatu nimesugua ngazi za watu katika mji huu huku nikiwaandikia kwamba mambo yanakuja. Sasa yamekuja. Msomee Mama barua hii akiwa ameketi, umwangalie uso, kisha uniandikie uso wake ulikuwaje.

Mdogo wako,
Dosia


Helena, Arkansas, 20 Oktoba 1925

Dosia mdogo wangu,

Ulitaka uso wa Mama. Haukubadilika hata kidogo. Alisema, "Soma tena." Nikasoma. "Hapo pa mistari minne, rudia." Nikarudia mpaka nikakariri. Ndipo akaniuliza hilo gauni ni manjano ya namna gani, ya kiini cha yai au ya haradali iliyolala. Nikamwambia Dosia hakusema. "Basi ni ya kiini cha yai," akasema, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Nilipomfuata nilimkuta analia na kucheka kwa pamoja.

Unakumbuka alichokwambia kituoni siku unaondoka. "Baba yako wazungu walimnyamazisha kule mashambani Elaine. Wewe nenda ukasikike." Mimi nilikuwa nimekushikia kikapu, na hakuna aliyeniambia mimi nifanye nini. Sisemi kwa wivu. Kila nyumba ina wa kwenda na wa kubaki, na mimi nina mkono mzuri wa pasi. Wake wa mawakili mjini hapa hawataki nguo zao ziguswe na mwingine.

Prentiss Oakley, yule wa karakana ya reli, anakuja Jumapili baada ya ibada. Anakula mkate wangu wa mahindi kama mtu aliyetumwa kuumaliza. Usiniulize zaidi ya hapo.

Mama hakuandika mwenyewe kwa kuwa vidole vinamuuma.

Dada yako,
Mozelle


New York, 6 Desemba 1925

Dada Mozelle,

Nisamehe kwa kimya. Kazi ni nyingi. Onyesho limepata tajiri mpya na limehamia ukumbi mkubwa katikati ya mji, wanakokuja wazungu na makoti yao ya manyoya. Kila siku linajaa. Huwezi kuamini wingi wa mavazi, zaidi ya mia moja na hamsini, na kila moja lina marinda.

Nakula vizuri. Mwambie Mama ni ya kiini cha yai.

Dosia


Helena, 17 Januari 1926

Dosia,

Ungetuambia, mtoto wewe. Mpaka tuje kugundua wenyewe dukani?

Prentiss alituletea gramafoni siku ya Krismasi. Ni kuukuu, mkono wake wa kuzungushia umefungwa waya, lakini inaimba. Jumamosi nikaenda duka la samani linalouza na santuri, lile ambalo sisi weusi tunaingilia mlango wa pembeni, nikamwambia mwenye duka nataka Gauni la Manjano.

"Lipi?" akaniuliza.

"Kwani yapo mangapi?"

"Lipo la bendi, na lipo la mwanamke, wimbo wa huzuni wa bluzi. Na nasikia huko New York kuna onyesho lenye jina hilo hilo. Jina likipendwa kila mtu anajichotea."

Mimi nikachukua la bendi, nikidhani bendi ndiyo yenu. Mama akakaa mkao wa kanisani, mikono magotini. Tarumbeta ikalia, ikalia. Baada ya muda Mama akauliza, "Ataanza lini?" Nikasema pengine upande wa pili. Tukageuza. Tarumbeta tena. Mama akasema, "Huyu mwanamume amemkalia mwanangu."

Nikarudi Jumatatu kuchukua la mwanamke. Dosia, safari hii Mama hakukaa. Alisimama. Mwanamke aliimba ubeti wa kwanza, wa pili, na kwenye wa tatu Mama akashika ukingo wa meza akasema, "Ni yeye. Sauti imekomaa, imekula chumvi ya dunia, lakini ni yeye."

Karatasi ya katikati ya santuri imeandikwa Corinne Vance. Hilo ni jina lako la jukwaani? Mama anasema ndilo. Mchungaji Tull naye anasema watu wa jukwaani wote hubadili majina, ndiyo desturi. Mimi, kusema kweli, nisingekutambua. Sauti ni nzito kuliko niliyoizoea. Lakini nilikusikia mara ya mwisho ukiwa na miaka ishirini na moja, na Mama ndiye aliyekuzaa.

Jana watu walijaa hapa mpaka barazani. Bi Ola Spruill, yule aliyesema utarudi na mimba bila viatu, alikosa kiti akakaa sakafuni, akasikiliza mara tano. Hakuna aliyempisha.

Tujibu upesi kuhusu jina. Mama anataka kulitumia kwenye maombi.

Mozelle


(Haikupelekwa posta)

New York, 22 Januari 1926

Dada Mozelle,

Siyo mimi. Corinne Vance ni mwanamke mwingine, wa Tennessee, sijapata hata kumwona. Santuri yake na onyesho letu havihusiani ila kwa jina, na hata onyesho lenyewe si letu tena, kwa sababu Novemba nilitolewa kwenye safu. Niko chini ya jukwaa, napiga pasi. Mwambie Mama polepole kwamba


New York, 23 Januari 1926

Dada Mozelle,

Ndiyo. Ndilo jina.

Sikuwaambia mapema kwa sababu sikujua kama santuri ingefika hadi Helena. Msiwaambie watu mambo mengi. Mchungaji amesema kweli, ni desturi, na kwenye maombi Mungu ananijua kwa jina la Dosia, kwa hiyo Mama asijisumbue.

Mwambie nimefurahi kwamba ananisikia.

Dosia


Helena, 8 Machi 1926

Dosia,

Nakuandikia mambo mawili, moja la Mama na moja langu. La Mama ameniamuru niandike kama anavyotamka, nisirembe.

"Mwanangu, nakusikiliza kila asubuhi kabla ya uji na kila jioni wakifika jirani. Wimbo wako unasema mwanamke amevaa vizuri na hana pa kwenda. Nimeufikiria sana huo wimbo. Mimi nilikuwa hivyo mwaka ule baba yako alipouawa, nimevaa nguo ya msiba na kila nyumba imefunga mlango kwa woga. Sikumwambia mtu hilo hata siku moja. Sijui wewe ulilijuaje. Pasaka uje uimbe kanisani. Huna haja ya kuimba huu, imba wowote. Nataka watu waisikie hiyo sauti ikitoka kwenye mwili. Mama yako, Lutie Gaines."

Sasa langu. Mama haoni, Dosia. Mtoto wa jicho amefunga la kulia tangu Agosti na la kushoto tangu Novemba. Alinikataza kukuandikia. Alisema utaacha kazi urudi, na akasema macho ya mwanamke mzee si bei ya sauti ya kijana. Namvunjia amri leo kwa sababu Prentiss amepata kazi kwenye reli za St. Louis. Ameniomba tuoane tuhamie huko mwishoni mwa Aprili. Mama kuhama hataki, na kumwacha kipofu peke yake mimi siwezi. Lakini ukija Pasaka, ukakaa naye hata miezi michache, ukazoeana na nyumba, nami nikaenda nikapata pa kumpokelea, jambo linawezekana.

Sijawahi kukuomba kitu. Kikapu nilikushikia bila kuombwa.

Mozelle


New York, 20 Machi 1926

Dada Mozelle,

Nimelia kwa ajili ya macho ya Mama. Sikujua.

Pasaka siwezi. Onyesho haliruhusu mtu kuondoka, mkataba ni mgumu, watanishitaki. Mwambie Mama nitakuja majira ya joto tukifunga. Mwombe Prentiss angoje kidogo. Mwanamume anayependa mkate wako atangoja.

Nisamehe.
Dosia


Helena, 25 Aprili 1926

Dosia,

Nilimsomea Mama barua yako wiki nzima kabla ya Pasaka. Hakunisikia, au hakutaka. Jumamosi ile alivaa tangu alfajiri, akaniambia nimpeleke kituoni. Tukakaa kwenye benchi la upande wetu. Treni ya Memphis ikaja, watu wakashuka, Mama akawa anageuza uso kila kiatu kinapopita. Wakaisha. Akasema, "Mkataba ni mkataba," tukarudi nyumbani kwa miguu.

Prentiss ameondoka jana. Alingoja hadi saa ya mwisho, sina neno baya juu yake. Aliniuliza, "Hivi dada yako anajua unachokilipa?" Nikamwambia ni mdogo wangu, si dada yangu, na hajui. Gramafoni ametuachia.

Mozelle


New York, 13 Juni 1926

Dada Mozelle,

Hii ni barua ya nane. Zile saba nimezichana. Hii nitaitia kwenye sanduku la posta kabla sijaisoma, kwa hiyo usijali makosa.

Mwimbaji wa santuri si mimi. Naitwa Dosia Gaines na sijapata kuimba kwenye santuri yoyote. Nilikuwa kwenye safu wiki tano. Tajiri mpya alipokuja alitupanga ukutani asubuhi, akachukua mfuko wa karatasi, ile ya kaki ya kutilia mboga, akawa anaushika karibu na shavu la kila msichana. Aliyekuwa mweupe kuliko mfuko alibaki. Tulitoka wanne. Mimi hakunishikia hata sekunde mbili. Meneja akanihurumia, akasema chini kuna kazi ya nguo. Nilikimbia pasi ya Helena, dada, nikapanda treni siku mbili kuifuata pasi ya New York. Mistari yangu minne naisikia kila siku kupitia mbao za dari, anaiimba msichana wa Philadelphia, anaikosea ya tatu.

Ulipouliza jina, nilikuwa na kalamu mkononi na barua ya kweli mbele yangu. Nikafikiria Mama amesimama ameshika ukingo wa meza. Nikachukua karatasi nyingine.

Mwezi uliopita Corinne Vance alikuja kuimba hapa Harlem. Nikaenda mlango wa nyuma saa za mazoezi, nikangoja. Ni mwanamke mnene, mfupi, ana mwanya, alikuwa ameshika kikombe cha chai ya tangawizi kwa sababu ya kifua. Nilimwambia yote. Sikumficha kitu. Nilidhani atanifukuza.

Akaniuliza, "Mama yako ananisikiliza mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

"Mwenyewe amenipenda?"

"Anasema umeimba jambo ambalo hakupata kumwambia mtu."

Akanywa chai yake. Kisha akacheka, akakohoa katikati ya kicheko. "Mimi mama yangu alisema nikiimba nje ya kanisa nisimwite mama. Sasa namkuta mwingine Arkansas, tena kipofu, na amempa mtu mwingine sifa zangu." Akaniangalia viatu. "Umeiba, binti. Umeniibia mimi, lakini mimi nimezoea, hata jina la wimbo wameniibia. Yeye ndiye umemwibia zaidi. Nenda kamrudishie."

"Nitamrudishia nini?"

"Wewe. Hata kama hujui kuimba. Kwani alizaa santuri?"

Basi nimeacha kazi. Ijumaa ijayo napata mshahara wa mwisho na Jumamosi ya tarehe kumi na tisa napanda treni. Nitakaa na Mama, wewe nenda St. Louis. Nitamwambia mwenyewe, lakini nimetanguliza kwako ili nikifika uso wako uwe umeshakwisha kukasirika, angalau nusu.

Nimehama kutoka chumba nilichopanga kwa Bi Stroud mwezi uliopita, lakini barua napitia kuzichukua huko kila Jumapili.

Dosia


Helena, 14 Juni 1926

Kwa Bi Beulah Stroud, mwenye nyumba,
Harlem, New York

Mama,

Hunijui. Mimi ni Mozelle Gaines, dada wa mpangaji wako aliyeimba kwa jina la Corinne Vance.

Jumamosi gazeti la watu wetu la Chicago lilifika kwa mhudumu wa treni kama kawaida, na kinyozi akawa anawasomea watu. Lilikuwa na habari ya mistari sita, bila picha, kwamba Corinne Vance wa Gauni la Manjano amefariki kwa homa ya mapafu huko Norfolk, akiwa safarini. Kabla sijavua aproni nyumba yetu ilikuwa imejaa vilio, na mama yetu amekwisha sikia kwa kinywa cha mtu mwingine.

Nilikupelekea telegramu nikiuliza, "Ni kweli Corinne Vance amekufa?" Nakushukuru kwa kujibu siku ile ile. "Ni kweli. Mji mzima unalia." Nimemsomea Mama maneno yako. Ametulia kidogo kwa kuwa mji ulilia.

Naomba unisaidie, mama. Mwili wake uko wapi, na nani ameuosha? Kama umeshazikwa, tupe jina la makaburi. Nguo zake zilizobaki chumbani zigawe kwa wanaohitaji, ila utupelekee kitu kimoja kilichokaa mwilini mwake, hata kitambaa cha kichwa, ili Mama akishike. Jina lake halisi ni Theodosia Gaines. Anaogopa radi. Kama kulikuwa na radi siku ile, usinijulishe.

Ibada yake ni Jumatano hapa kanisani.

Mozelle Gaines


New York, 18 Juni 1926

Bi Mozelle Gaines,

Nimesoma barua yako nikaiweka, nikaichukua tena, nikamwita na jirani aisome, mtu asije akaniambia nimezeeka.

Wewe uliniuliza habari za Corinne Vance, nami nikajibu habari za Corinne Vance. Kwani nani hamjui? Nina santuri yake hapa kwangu. Lakini hajapata kukaa nyumbani kwangu hata siku moja. Aliyekaa kwangu ni Dosia, mtoto mwenye adabu, mpiga pasi wa ukumbini. Dosia yu hai. Jana nilimwona kwa muuza samaki akibishania kambare.

Mwambie mama yenu haraka. Ningepiga telegramu lakini sikujua niifupishe vipi.

Sijampa Dosia barua yako bado. Akija Jumapili nitampa, na nitamkalisha kwanza.

Beulah Stroud


New York, 20 Juni 1926

Dada Mozelle,

Sikupanda treni jana. Homa ilinilaza, nikasema nitaondoka Jumatatu. Leo nimepita kwa Bi Stroud, amenikalisha, amenipa barua uliyomwandikia yeye. Nimeisoma mimi mwenyewe kwamba nimekufa na kwamba naogopa radi.

Mama yuko vipi? Nilipokuandikia tarehe kumi na tatu nilikuwa sijasikia kwamba Corinne amekufa. Barua hiyo ilifika lini? Alikuwa na nani? Kesho jioni napanda treni. Nimekupigia telegramu pia; nijibu kwa Bi Stroud kabla sijaondoka, neno moja tu.

Dosia


TELEGRAMU
Helena, 21 Juni 1926

USIJE. BARUA INAFUATA. MOZELLE


Helena, 27 Juni 1926

Dosia,

Ibada yako ilikuwa Jumatano tarehe kumi na sita. Mama alikufa Alhamisi asubuhi. Barua yako ililetwa Alhamisi hiyo hiyo, saa nane mchana, nikiwa natafuta sarafu za kuweka juu ya macho yake yabaki yamefumba. Nilijua mwandiko wako kwenye bahasha. Nikadhani uliiandika kabla hujafa na imechelewa njiani, nikaibusu. Kisha nikaifungua.

Nataka ujue ibada ilivyokuwa, kwa sababu ni yako. Kanisa lilijaa, na nje walisimama. Walikuja hadi watu wa mashambani kule Elaine ambao hawajaingia mjini tangu mwaka wa mauaji yale yaliyomchukua Baba. Mchungaji Tull alisema familia ya Gaines ilitakiwa kufutwa ulimwenguni, na sasa sauti yake imo ndani ya kila duka la samani Kusini yote. Watu walisimama. Bi Ola Spruill aliomba msamaha mbele ya madhabahu kwa mambo aliyosema juu yako. Mama alikaa benchi la mbele, mgongo umenyooka, na alikuwa na fahari, Dosia. Katikati ya huzuni ile yote alikuwa na fahari. Tulimbeba kutoka pale, miguu ilikataa.

Hakuwa na ugonjwa. Daktari wetu alimtazama, akasema hana cha kuandika.

Tulimzika Ijumaa. Kanisa limechangia jiwe moja lenye majina mawili. Chini ya jina lako wameandika tarehe ya Corinne Vance.

Sijamwambia mtu. Barua yako nimeichoma, na ile ya Bi Stroud pia. Nimelifikiria kwa siku kumi. Nikiwaambia, basi Mama alikufa kwa ajili ya uongo, na watu wale walisimama kwa ajili ya uongo. Nikinyamaza, alikufa kwa huzuni ya mtoto wake, kama wanavyokufa akina mama. Nimechagua huzuni. Wewe ukishuka kituoni hapa na miguu yako miwili utamuua mara ya pili, na mimi nitalazimika kuishi katika mji utakaoniangalia hivyo. St. Louis hakuna tena. Prentiss ameoa mwezi huu. Yeye mwenyewe aliniandikia, kwa heshima.

Unapendwa hapa kuliko ulivyopata kupendwa. Kaa huko.

Mozelle


New York, 5 Julai 1926

Dada Mozelle,

Nitakaa huku. Sina haki ya kubisha.

Sikurudishiwa kazi, lakini kuna dobi mtaa wa nyuma amenichukua. Majirani hapa wanapiga ile santuri madirisha yakiwa wazi, joto limekuwa kali. Kila mtu ameinunua tangu afe. Nikiisikia naondoka, nazunguka mtaa mzima, nikirudi wameanza tena.

Nakuomba jambo moja, kisha sitakusumbua. Mama alisema nini mwisho? Usinipunguzie. Kama alilaani, niandikie laana.

Dosia


Helena, 18 Julai 1926

Dosia,

Hili sikukusudia kumwambia mtu.

Jumatano baada ya ibada tulimlaza. Aliniamuru nifunge gramafoni kabatini, akasema marehemu asifanyishwe kazi. Watu wakaenda zao. Alikuwa akisinzia na kuamka. Kulipokucha, nikiwa naandaa uji, aliita, "Nani hapo?"

Nikaenda nikashika mkono wake. Kabla sijajibu akasema, "Imba."

Miaka ishirini na minane hajaniambia mimi niimbe. Unaijua sauti yangu. Hata kwaya walinipa kazi ya kugawa vitabu. Nikaimba wimbo wa ibada ya jioni, chini chini, nikasahau ubeti wa pili nikarudia wa kwanza. Akasikiliza wote. Kisha akanipapasa uso kwa vidole, akasema, "Dosia. Umeshuka saa ngapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ni Mozelle. Nilikuwa na muda wa kutosha, aliningoja. Nikasema, "Sasa hivi, Mama. Kwa treni ya Memphis."

"Walisema umekufa."

"Walikosea, Mama."

Akatabasamu. Akauliza, "Na dada yako yuko wapi?"

"Yuko jikoni."

"Mwache apumzike," akasema. "Amechoka sana yule mtoto, na sijapata kumwambia."

Hakusema tena. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Yalikuwa yangu, na mimi nilikuwa nimeketi pale kitandani nikiitwa Dosia.

Usinijibu.

Mozelle